Bethidei ya Mtu Asiye na Tarehe

Huku kwetu Njombe ukitaja bethidei mbele ya wazee utapata jibu moja: hayo ni mambo ya Wazungu na ya watu wenye chapaa. Ukiitaja mbele ya vijana wa rika langu, watakwambia kwamba bethidei bila ukumbi, bila emsii na bila keki ya ghorofa tatu si bethidei, ni watu wamekusanyika kunywa chai. Makundi haya mawili hayapatani kwa mengi, lakini katika hili yamepatana: sherehe ya kuzaliwa si ya kapuku. Mimi nakataa. Na kwa kuwa naandika historia, nitakataa kwa historia.

Tuanze mbali kidogo. Katika vitabu vya kale, wenye karamu za kuzaliwa mara nyingi ni wafalme. Biblia, ambayo katika nyumba nyingi za huku ndicho kitabu cha kwanza kuingia mlangoni, inataja waziwazi karamu ya Farao katika Mwanzo sura ya 40, na ya Herode katika Marko sura ya 6. Zote mbili ziliisha vibaya. Kwa Farao mkuu wa waokaji alitundikwa, na kwa Herode Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa. Ndiyo maana Origen, mwanachuoni wa Kanisa wa karne ya 3, aliona kwamba kufurahia siku ya kuzaliwa ni kazi ya waovu. Wakristo wa zamani zile waliadhimisha zaidi siku za kufa kwa mashahidi wao. Kwa hiyo mzee anayesema sherehe hii ni ya kigeni asidhani Wazungu wenyewe waliipokea siku moja. Nao walibishana.

Huku kwetu nako ilikuja kwanza kama jambo la wafalme. Wakati wa Wajerumani, tarehe 27 Januari ilikuwa siku kubwa bomani: gwaride, bendera, hotuba, kwa sababu Kaisari Wilhelm II alizaliwa siku hiyo mwaka 1859. Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza na sikukuu yake ya dola, tarehe 24 Mei, siku aliyozaliwa Malkia Victoria. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu wa Ubena alilazimika kuijua siku ya kuzaliwa ya mtu asiyemwona maishani, naye karani aliyekuwa mbele yake hakuwa na haja ya kujua yake. Alichotaka karani ni kodi. Mwanamume alitazamwa ndevu na mabega, akahesabiwa kuwa mtu mzima, yakaisha.

Je, hii ina maana kwamba wazee wetu hawakuijua siku ya kuzaliwa? La hasha. Waliijua sana, ila hawakuiandika kwa tarakimu. Waliiweka katika jina.

Tazama kata yetu ninayoishi, hapa Njombe mjini. Inaitwa Ramadhani. Sitaki kubahatisha ilivyopata jina hilo, ila neno lenyewe linatosha kutufundisha. Mswahili wa pwani alihesabu miezi yake kuanzia mfungo huo: Mfungo Mosi ndio Shawwal, Mfungo Pili ndio Dhulkaada, na kuendelea. Mtoto aliyeitwa Ramadhani, Shabani au Rajabu alitembea na mwezi wake wa kuzaliwa mdomoni mwa watu. Juma, Khamisi na Jumanne walitembea na siku zao. Mwaka wenyewe haukuandikwa, lakini mwezi na siku vilikuwepo. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na baada ya miaka 33 hivi imeshazunguka masika, kipupwe na kiangazi. Mtu aliyezaliwa mwezi huo akifikisha duru nzima alikuwa na haki ya kusema: mfungo wangu umerudi mahali uliponikuta.

Na pwani ndiko ilikokuwa sherehe ya kuzaliwa isiyohitaji tajiri. Mfungo Sita, tarehe 12, Waislamu hukumbuka kuzaliwa kwa Mtume, na Maulidi ya Barzanji husomwa misikitini na majumbani pia. Mkeka hutandikwa, marashi hunyunyizwa, wageni hula walichojaliwa wenyeji. Nyumba ndogo husoma maulidi na nyumba kubwa husoma maulidi. Tofauti ni sinia tu.

Bara tulikuwa na majina ya matukio. Masika, Njaa, Vita, Shida, Tabu, Sikujua, Uhuru, Azimio. Ukimkuta mtu anaitwa Azimio, usimwulize umri. Kumbuka Arusha mwaka 1967 halafu toa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye siku yake tunaijua kuwa 13 Aprili 1922, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, kwa sababu alizaliwa mvua kubwa ikinyesha. Kwa hiyo kabla ya cheti, mvua ilishaandika.

Cheti nacho kina historia yake. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1921, lakini kwa muda mrefu haikumhangaikia Mwafrika. Zilizotusaidia huku ni rejista za ubatizo. Wamoraviani na Waluteri wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, baadaye Wakatoliki, na kila misheni ilikuwa na daftari lake. Hata hivyo daftari liliandika siku ya maji kichwani, na si kila mara siku ya kutoka tumboni. Aliyebatizwa mkubwa aliandikiwa umri wa kukadiria. Shuleni ilikuwa vilevile. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukilishika, darasa la kwanza. Usipolishika, rudi nyumbani kachunge. Watu wengi wenye heshima zao leo walipewa umri na sikio.

Mpaka mwaka 2006 ulipoanzishwa Wakala wa RITA, na hata baada ya hapo, watoto wengi wa Bara walikua bila cheti. Mwaka 2013 ndipo ulipoanza Mbeya mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano karibu na kwao, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na miaka michache baadaye ukafika Iringa na kwetu Njombe. Watoto wa sasa wana bahati. Wazee wao ndio waliobaki na "Januari 1" kwenye vitambulisho, tarehe ambayo makarani huwapa wasio na tarehe. Ukiamini makaratasi, nusu ya wazee wa nchi hii walizaliwa usiku wa mwaka mpya.

Sasa keki. Katika habari za kale zinazotaja keki yenye mishumaa kwa hesabu ya miaka, mojawapo ni ya Ujerumani mwaka 1746. Mwenye sherehe alikuwa Ludwig von Zinzendorf. Aliyesimulia anasema keki ilikuwa kubwa kadiri tanuri lilivyoweza kuoka, ikatobolewa matundu kwa idadi ya miaka yake, na kila tundu likawekwa mshumaa. Zinzendorf huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa Wamoraviani, kanisa lilelile ambalo wamisionari wake walijenga Rungwe mwaka 1891. Sisemi kwamba walipanda milima na keki mkononi! Nasema dunia ni ndogo kuliko tunavyodhani. Na ule wimbo unaoimbwa kote duniani, tuni yake ilichapwa Marekani mwaka 1893 kwa maneno mengine kabisa, ya kuwaamkia watoto asubuhi. Waliotunga ni dada wawili, Patty na Mildred Hill, na Patty alikuwa mwalimu wa chekechea. Kampuni ikadai haki ya maneno ya bethidei na kukusanya malipo kwa miaka mingi, hadi mahakama ya Marekani iliposema mwaka 2015 kwamba haina haki hiyo. Maskini sisi tulikuwa tunauimba bure siku zote.

Na keki yetu ilifikaje mezani? Kwa mchanga. Wasiokuwa na oveni, yaani karibu wote, waliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, wakauchemsha juu ya jiko la mkaa, wakatumbukiza sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa, wakafunika na kuweka makaa mekundu juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Ujuzi huu uliwafaa sana watu wa mjini, lakini ulipita katika kipindi kigumu. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari na unga wa ngano vilikuwa vitu vya foleni na vya kujuana. Mwaka 1983 ilikuwa msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye mfuko wa sukari chini ya kitanda alilala kwa wasiwasi. Mama angeoka keki kwa nini? Mwaka 1984 milango ya bidhaa ilianza kufunguliwa, ngano na sukari zikarudi dukani kwa mwenye nazo. Halafu mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara, na vijana wakaona jinsi wenzao wanavyofanya sherehe. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, bethidei ilipohama jikoni ikaenda ukumbini. Ikaingia kwenye familia moja na sendofu na kitchen party: kamati, kadi za mchango, sare, picha.

Sikatai raha. Nakataa tu kwamba raha lazima ikodiwe. Ndiyo sababu nataka kusimulia jinsi tulivyomfanyia bibi yangu, mzaa mama, anayeishi hapahapa Ramadhani.

Bibi kwenye kitambulisho ni mtu wa Januari 1. Hilo lilimkera kwa muda mrefu. "Karani hakunizaa," husema. Lakini halikuwa suala la kukereka tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na kwa mtu asiye na karatasi ya uhakika, kila dirisha analofika anaanza upya kusailiwa umri wake, kana kwamba ameuiba. Tukasema, sisi wajukuu, tumtafutie siku yake.

Mjomba wa Makambako, anayefanya biashara ya mbao, aliposikia akafurahi, akataka makubwa. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana na ya Njombe na Songea, treni ya TAZARA inapita, na kumbi hazikosekani. Akasema tukodi ukumbi, aje emsii, wageni 100. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza: "Mwanangu, hao 100 wananijua?" Mjadala ukafa.

Kazi ya kwanza ikawa kuhesabu. Bibi alisema Kampuni ilipokuja kuanza mambo ya miwati Kibena, yeye alikuwa anatosha kumbeba mdogo wake mgongoni, lakini ndoo ya maji ilikuwa bado inamshinda. Kampuni hiyo ya miwati ilianzishwa mwaka 1949. Msichana wa kubeba mtoto lakini si ndoo ana miaka sita au saba. Aliongeza kwamba mama yake alimwambia alizaliwa katikati ya vita vya Hitler, wakati kaka mkubwa wa ukoo yuko jeshini. Tukaweka 1942. Na mwezi? Hapa bibi hakusita: "Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu." Kwa baridi yetu ya Njombe hiyo ni Februari kuelekea Machi. Tukaamua: Jumamosi ya kwanza ya Machi. Ulanzi unakuwa umeshaanza kutoka, barabara ina matope, lakini njaa imepungua.

Sasa maandalizi, maana naahidi msomaji asiondoke na nadharia tupu. Viti hatukukodi. Tuliazima kwa majirani, nao wakaja navyo na kuvikalia. Chakula kilikuwa cha shambani: viazi mviringo vya kuchemsha na vya kukaanga, njegere, kuku wawili, parachichi, chai ya maziwa. Watoto walipewa bisi na maandazi, wala hawakuuliza pilau. Keki niliioka mwenyewe kwa mchanga, dada yangu akinisimamia kama mkaguzi: unga robo kilo, sukari robo kilo, siagi robo kilo, mayai manne, kijiko cha baking poda na ganda la limau lililokunwa. Siagi na sukari unazipiga kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe, na hapo ndipo mkono unapojua maana ya kazi. Halafu yai mojamoja, mwisho unga. Mishumaa 80 na ushei ingeunguza nyumba, kwa hiyo tuliweka mmoja, wa kawaida, ule wa kuwasha umeme ukikatika. Gharama zote hazikufika bei ya kukodi ukumbi ule wa Makambako kwa saa moja.

Michezo tuliigawa kwa umri. Wadogo walicheza rede uani na kombolela nyuma ya migomba. Masela wa rika langu walileta spika moja wakakubali kuizima ikifika saa kumi na moja, na desturi yetu ya kumwagiana maji waliihamishia kwa mjukuu aliyezaliwa mwezi huohuo, maana bibi na baridi ile, we acha tu. Wazee walipewa bao na kivuli. Jioni watu wote waliingia sebuleni, vikaanza vitendawili, na mtoto wa darasa la pili akamshinda mjomba mara tatu.

Halafu ukaja wakati wa zawadi, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Tulikubaliana kwamba hakuna kununua zawadi. Badala yake kila mmoja atamwuliza bibi swali moja kuhusu mwaka mmoja wa maisha yake, na mimi nitaandika kwenye daftari la shule la kurasa 96. Mmoja akauliza mwaka wa Uhuru alikuwa wapi. Mwingine akauliza mahari yake ilikuwa nini, watu wakacheka. Mjomba akauliza kwa utani: "Mama, mimi nilizaliwa siku gani ya wiki?"

Bibi akanyamaza kidogo, akasema: "Wewe ni Alhamisi. Lakini kabla yako alikuwepo mwingine."

Hakuna aliyejua. Alikuwa mtoto wa kiume, mtoto wake wa tatu, aliyezaliwa Wachina walipokuwa wanalaza reli Makambako, yaani kati ya mwaka 1970 na 1975. Aliishi wiki tatu. Alikufa kabla hajabatizwa, kwa hiyo hayumo katika daftari la kanisa. Hakuwa na cheti, kwa hiyo hayumo bomani. Hata jina lake lilikuwa la nyumbani tu, alilopewa na baba yake. Bibi alilitaja. Sitaliandika hapa, ni la kwao. Mjomba aliuliza taratibu, "Alizaliwa mwezi gani?" Bibi akasema, "Wa baridi. Ukungu ulikuwa haupandi mpaka saa tano."

Niliandika: Juni au Julai, mwaka mmoja kati ya 1970 na 1975. Kalamu ikawa nzito. Mjomba aliomba daftari, akatazama mstari ule, akarudisha bila kusema neno. Bibi alikata keki, akaanza kumlisha yeye, mtu mzima na ndevu zake, halafu akanigeukia kwa utani wake wa siku zote: "Na wewe mume wangu, hii keki umeoka au umeunguza?"

Ndugu msomaji, na hasa wewe unayejifunza kuandika kama mimi, hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kwa karne nyingi siku ya kuzaliwa iliyoheshimiwa ilikuwa ya mfalme. Bomani ilisherehekewa ya Kaisari na ya Malkia, na za watu wetu zikabaki kwenye mvua, njaa na ndevu za mahindi. Kumbukumbu hizo zipo bado, lakini zimo ndani ya vichwa vya watu wa miaka 70, 80 na 90, na vichwa hivyo vinatuaga kila wiki. Ukumbi hautazitoa, kwa sababu spika inapiga kelele na emsii ana haraka. Sebuleni ndiko zinakotoka, kukiwa na chai, watu wanaomjua mwenye siku, na kijana mmoja mwenye kalamu.

Basi fanya hivi. Mwaka huu chagua mtu mmoja wa kwenu aliye na "Januari 1". Mwulize mvua, mazao, vita, reli, kampuni, nani alikuwa mimba na nani alikuwa jandoni. Piga hesabu mbele yake, naye akusahihishe. Akishakubali tarehe, chemsha viazi, ita majirani na viti vyao. Kwa mtoto mdogo fanya kinyume chake: andika mwenyewe leo kwenye daftari hilohilo siku aliyozaliwa, hali ya hewa, bei ya sukari na nani aliyemshika wa kwanza, ili mjukuu wake asihitaji sikio kumhesabia umri.

Daftari letu la kurasa 96 limejaa kurasa 14 tu mpaka sasa. Mjomba amesema Machi ijayo atalipia kalamu, na kwamba mwezi wa baridi anataka tukutane tena, kwake Makambako, nyumbani, karibu na reli.